Sufuria Mbili, Jiko Moja

Dada Edna alipoacha kula chakula cha Elieth hakusema neno. Jumatatu moja alirudi nyumbani na sufuria mpya, ndogo, ya kutosha ubwabwa wa mtu mmoja. Akaiosha, akaibandika jikoni pembeni mwa sufuria kubwa ambamo Elieth alikuwa tayari ameinjika makande. Elieth akauliza kama kuna mgeni.

"Hapana," Edna akasema. "Nimeamua tu kujipikia."

Akapika wali wake, akapakua, akaketi meza ile ile, akala. Makande ya watu wawili yakabaki na mtu mmoja.

Asiyetujua atauliza, kwani hapo kuna nini? Si Marekani, kila mtu na sahani yake? Haya. Lakini sisi tunajuana. Mtu uliyekula naye miaka minne akisukuma chakula chako bila hata kusingizia tumbo, amekwambia jambo ambalo mdomo wake unaona haya kulitamka. Na jambo lenyewe halina majina mengi: anaogopa utamtilia kitu.

Tena Elieth alikuwa na sababu ya kuogopa. Jumamosi iliyotangulia alikaanga dagaa walioletwa na mtu kutoka Mwanza, na Edna akatapika mpaka kukapambazuka. Elieth, aliyekula dagaa wale wale, hakuumwa hata kichwa. Asubuhi akamtania dada yake, "Tumbo lako limeshakuwa la Kizungu." Siku hiyo walicheka. Sasa alipoukumbuka ule utani, aliuona mchungu.

Niseme wazi kilichokuwa kinamnyima usingizi, maana si chumba. Vyumba vipo, ukikosa hapa Takoma Park utapata kule mbali Manassas, utaamka mapema kidogo ukapande treni. Fleti ilikuwa kwa jina la Edna, na Elieth alikuwa akilipa nusu ya kodi kama mpangaji yeyote. Ila huyu Edna, mwanamke wa Tukuyu, ndiye aliyempokea uwanja wa ndege akitokea Same na koti la mvua katikati ya theluji. Ndiye aliyekaa naye hospitali alipofanyiwa operesheni, akiwadanganya manesi kuwa wamezaliwa tumbo moja. Nchi nzima hii Elieth hakuwa na mtu mwingine. Akimkosa Edna amekosa nduguye, na sababu ya kumkosa ingefika kanisani kabla ya mabegi yake kufika alikohamia.

Basi akaanza kuchunguza, na mwenye kuchunguza hakosi cha kuona. Ndani ya friji Edna alibandika utepe katikati ya rafu: huku vyangu, huku vyako. Risiti za vitunguu na mafuta, ambazo zamani alizitupa hata kabla ya kutoka dukani, sasa akawa anazitunza katika kopo la biskuti. Simu zake akawa anazipokea chumbani, mlango umefungwa, sauti chini. Na kila asubuhi alitoka amepiga pasi nguo na kujipaka mafuta, ilhali kazi hakuwa nayo. Kampuni ya usafi iliyomwajiri ilikuwa imepoteza mkataba wa kufagia ofisi za serikali mjini, na tangu hapo Elieth ndiye aliyekuwa akinunua chakula cha nyumba. Hakuombwa. Alisema tu, "Chakula niachie mimi, dada," akadhani yamekwisha.

Kilichomvunja nguvu kabisa ni siku aliyotoka bafuni akamkuta Edna amefungua friji na simu mkononi, anapiga picha. Alipiga rafu yake, kisha akageuka akapiga sufuria mbili pale jikoni. Alipomwona Elieth akaificha simu kwenye kanga.

Elieth alifanya kazi nyumba ya kulea wazee, na huko alikuwa na rafiki Mkenya, Chelagat, mtu wa maneno mengi na huruma nyingi. Wakiwa wanakunja mashuka chumba cha dobi, akamweleza yote. Heri angewaeleza wale wazee.

"Wee! Huyo amekushuku," Chelagat akasema. "Kwetu mtu akianza kuficha chumvi yake, jua kumeharibika."

"Na picha je?"

"Picha ni evidence, my dear. Ana-build case. Si ulisema alikula dagaa yako akakuwa mgonjwa? Hapa watu hu-sue mpaka kahawa ikiwa moto."

"Edna hawezi kunishitaki."

"Haya. Na hizo asubuhi amevaa vizuri, anaendanga wapi? Kwa lawyer, si kwa salon."

Elieth alicheka ili isionekane kwamba imemwingia. Ilikuwa imemwingia. Alikasirika pia, na hasira hiyo ilikuwa na haki yake: mtu anakula mkononi mwako miezi yote asiyo na kazi, halafu anakukusanyia ushahidi?

Jumapili baada ya ibada akaamua kumuuliza. Akagonga mlango wa chumba cha Edna, akasimama hapo hapo kizingitini.

"Dada, nimekukosea nini?"

Edna alikuwa anakunja nguo. Hakuinua macho. "Hujanikosea, Eli."

"Basi mbona hivi?"

"Nitakwambia. Nipe nafasi kidogo." Akakunja gauni moja mara mbili. "Namba yako ya simu ni ile ile?"

"Ile ile. Kwa nini?"

"Basi tu."

Sasa hapo, hata ungekuwa wewe! Mtu hana jibu la kukupa, ila anataka kuhakikisha namba yako.

Jumatano simu ikaita Elieth akiwa mapumzikoni, amekaa ngazi za nyuma za kazini. Namba ngeni. Mwanamke mwenye sauti ya upole akajitambulisha kwa Kiingereza: anapiga kutoka ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti, anahakiki taarifa za Edna, na ana maswali mafupi. Elieth alisikia serikali, akasikia Edna, akainuka pale ngazini. Makaratasi yake yalikuwa sawasawa, lakini siku hizi nani ana amani na simu ya serikali?

"Wewe na Edna mnaishi nyumba moja?"

"Ndiyo."

"Mnanunua na kupika chakula pamoja, au kila mtu kivyake?"

Hapo Elieth akaona kila kitu. Chelagat hakukosea. Edna amekwenda kumshitaki, na hawa wanataka kujua sumu iliingiaje kwenye sufuria. Papo hapo likamjia jingine, la zamani zaidi kuliko woga: mtu baki anauliza kama nyumba yenu imegawanyika. Hata kama imegawanyika, humwambii. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haina sababu ya kwenda kuisimulia ofisini.

"Pamoja," akasema.

"Hata mwezi huu?"

"Mwezi huu, uliopita, na ujao Mungu akipenda. Yule ni dada yangu. Nanunua mimi, napika mimi, tunakula wote. Aliyesema vingine ni mwongo."

Upande wa pili karatasi ikafunuliwa. "Kwa hiyo maelezo kwamba mnapika mbalimbali si ya kweli?"

"Si ya kweli hata kidogo."

Yule mama akamshukuru, akakata. Elieth alibaki pale ngazini na fahari yake. Amejitetea, na amemsitiri Edna asiyestahili kusitiriwa. Alirudi kukunja mashuka akiwa amenyoosha mgongo.

Jioni hakuvua hata viatu. Edna alikuwa jikoni anakatakata kitunguu chake kimoja.

"Umenishitaki serikalini."

"Nimekushitaki nini?"

"Wamenipigia. Wameniuliza kama tunakula pamoja."

Edna akaweka kisu chini. "Wameshapiga?" Akavuta kiti, akakaa. "Ukasemaje, Eli?"

Elieth akamwambia, neno kwa neno, na kwa majivuno. Alipofika kwenye "aliyesema vingine ni mwongo", Edna alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwongo ndiye mimi," Edna akasema.

Ikatoka sasa, kwa vipande. Malipo ya bima ya kukosa kazi yalikuwa yamefikia mwisho wake na kazi haijapatikana, kwa hiyo Edna ameomba kadi ya serikali ya kununulia chakula. Kadi hiyo hupewa mwenye kipato kidogo, na kipato kinachopimwa si chako peke yako. Ukiomba msaada huko hawakuulizi njaa yako ina ukubwa gani. Wanakuuliza unakula na nani. Wote wanaonunua na kupika pamoja huhesabiwa kaya moja, na mishahara yao hujumlishwa.

"Nikisema tunakula sufuria moja, mshahara wako unakuwa wangu," Edna akasema. "Na wewe unafanya zamu mbili. Nakuwa tajiri kwenye makaratasi."

"Si ungesema tu kwamba tunapika mbalimbali?"

"Niape uongo? Ile fomu inasema ukidanganya ni kosa la jinai. Ndiyo nikanunua sufuria. Nilitaka jambo liwe kweli kwanza, ndipo nilitie saini. Wakataka ushahidi, nikatunza risiti, nikapiga picha. Wakataka mtu wa kuthibitisha, nikatoa namba yako."

"Na asubuhi?"

"Darasani. Kadi haitolewi ukiwa umekaa. Lazima uonyeshe unatafuta kazi. Tunafundishwa kujieleza mbele ya bosi. Mimi, niliyefagia ofisi za mabosi miaka yote hiyo."

Elieth alikuwa bado amesimama na koti mwilini. "Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi?" Edna akapandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Mimi niliyekupokea, nikwambie naenda kuomba chakula serikalini kwa sababu chako kinanikaa kooni? Kila nikifungua mdomo unapakua, unaniambia kula dada, kula dada. Mpaka lini, Eli?"

"Mimi nilidhani unaniona mchawi."

Edna hakucheka. Elieth alingoja acheke.

"Wale dagaa," Elieth akasema. "Hukunishuku hata kidogo?"

Edna akaokota kisu, akakitazama kitunguu. "Dagaa walikuwa wameharibika," akasema. Lilikuwa jibu zuri, ila lilichelewa kidogo, na Elieth aliuona ule uchelewaji.

Majibu ya ofisi hayakukawia. Ombi limekataliwa: kipato cha kaya kimezidi kiwango, na maelezo ya mwombaji yanapingana na ya shahidi. Edna akapiga simu, akabembeleza, akaambiwa aje na mwenzake, aeleze ana kwa ana. Ijumaa wakapanda basi kwenda ofisini kwao Silver Spring, wamekaa kiti kimoja, kila mmoja na mawazo yake.

Aliyewapokea alikuwa yule yule mwenye sauti ya upole. Uso wake haukuwa na upole kama sauti. Alimpa Elieth karatasi aandike kwa maneno yake, naye akaandika: sinunui chakula na Edna, sipiki naye, kila mtu ana sufuria yake. Ilikuwa kweli tupu, na mkono wake uliiandika kama unaandika tusi.

Afisa akaisoma, akaiweka mezani. "Kwenye simu uliniambia kinyume. Lipi la kweli?"

"Hili."

"Na lile?"

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini? Watu wengi wanapanga pamoja na kila mtu anapika chake." Akamtazama Edna, akamrudia Elieth, kwa jicho la mtu aliyeshadanganywa mara nyingi na watu wawili waliopatana njiani.

Elieth akahangaika na Kiingereza chake cha kazini, ambacho kinajua dawa na vitanda, hakijui haya. "Kwetu," akasema, "ukikaa nyumba moja na mtu, na huli naye, maana yake mmegombana."

Afisa akashika kalamu. "Na mmegombana?"

Elieth akageuka kumtazama Edna. Alitaka ishara, hata ya kukunja uso, kwamba hapana, usiseme hilo, tutafute njia nyingine. Edna alikuwa anaangalia viatu vyake. Alikuwa amevipiga kiwi asubuhi ile.

"Ndiyo," Elieth akasema. "Tumegombana."

"Tangu lini?"

"Tangu alipokula chakula changu akaugua."

Afisa aliandika haraka, bila swali jingine. Aibu ya kupika mbalimbali haikuwa imemwingia akilini, lakini ugomvi aliufahamu. Akagonga muhuri, akamwambia Edna kadi itakuja kwa posta, na asiache darasa la kazi.

Kwenye basi la kurudi walikaa kiti kimoja tena. Elieth alingoja Edna amfinye mkono, aseme, mdogo wangu umewaweza, ule ulikuwa uongo wa ofisini tu. Basi likapita kanisa, likapita duka la matairi, na Edna alikuwa anatazama nje. Walipofika kituo chao akamshukuru dereva, akashuka, akatangulia.