Saa ya Mpiga Kengele

Kila Mzee Tharsisi alipochungulia dukani, Abbasi aliguna kimoyomoyo. Si kwamba alimchukia. Alimpenda mno mzee yule, na hapo ndipo palipouma. Mwaka ule, wa pili tangu watu wahamie vijiji vya ujamaa, Kibondo nzima ilikuwa na muuza saa mmoja tu, Abbasi, na fundi wa saa alikuwa yeye huyohuyo. Na saa ya mzee huyu aliiuza mwenyewe kwa majivuno: "Mzee wangu, hii haitiwi ufunguo. Wewe vaa tu, inajiendesha."

"Mwakeye, Bwana Abbasi," mzee alimwamkia kwa lugha ya kwao. "Imekufa tena."

"Mbona naisikia inagonga?"

Kweli ilikuwa inagonga, ila imechelewa mno. "Imefufuka njiani," Tharsisi alisema kwa haya, kama mzazi aliyembeba mgonjwa hadi hospitali, kufika mtoto anacheka.

Hii ilikuwa safari ya tatu. Abbasi alishaifungua, akaitia mafuta, akaivaa wiki nzima isisimame hata kidogo. Alikwishaanza kudhani mzee anaichezea.

Lakini leo Tharsisi alikuwa amekuja na mkewe, Esteri, wala hakuketi. Aliivua saa akaiweka mezani.

"Ichukue. Jumapili padre alikaa kanisani peke yake, mimi nangoja saa ifike! Wazee wa kigango wamesema ikitokea tena, kengele anapewa Makarius."

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa mtini, lakini aliipiga tangu kanisa likiwa la nyasi.

Abbasi akautazama mkono ule mtupu. Jua lilikuwa limeuchoma sawasawa kutoka kiwiko hadi vidole. Hapakuwa na alama ya mkanda kama aliyokuwa nayo yeye.

"Mzee, unaivaa lini?"

"Jumapili, na nikija mjini. Siku nyingine iko sandukuni, ndani ya kitambaa. Kwani mtu analima na saa?"

Abbasi alicheka hadi machozi, kisha akaona aibu. Nani alimwambia "vaa tu" mtu ambaye kitu cha heshima hukivaa siku ya heshima?

"Mzee wangu, chakula chake ni mkono unaotembea. Sandukuni unaishindisha njaa."

Tharsisi aliitazama saa, akaitazama mikono yake. Kuipeleka matopeni hakuweza, roho ilikataa kabisa.

"Nipe mimi, Baba Melkiadi," Esteri akasema, akanyoosha mkono. "Huu wangu ulipumzika lini?"

Msimu wa maharage Abbasi alipita kijijini kwao, Jumapili asubuhi. Alimkuta Esteri uani anatwanga muhogo, saa ikipanda na kushuka na mchi. Tharsisi, ndani ya shati jeupe, alimsubiri amalize. Akaivua mwenyewe mkononi mwa mkewe, akaifuta jasho, akaivaa ikiwa bado na joto lake. Wakaenda wote watatu hadi kwenye rimu. Mzee akasoma majira, akaokota chuma cha kupigia, akasita. Kisha akamkabidhi Esteri.

"Piga wewe, Mama Melkiadi," alisema. "Mwenye saa ni wewe."