Taa ya Bi Mkubwa

Abdulkarimu wa Ibighi, kule Tukuyu, hakuwahi kununua kitu kimoja. Tangu aoe mke wa pili, miaka saba nyuma, kila alicholeta nyumbani kilikuwa jozi: doti mbili za khanga za rangi moja, masufuria mawili ya ukubwa mmoja, hata samaki kutoka Kyela aliwachagua wanaolingana mkia kwa mkia. Wenzake sokoni walimcheka. Walisema iko siku mzee huyu atamwomba Mungu jua la pili, ili kila mke apate lake. Yeye hakujali. Mwanamume mwenye wake wawili asiye na mizani, alisema, anajitafutia moto na bado yu hai.

Basi mwaka tisini na nane, maduka ya Mbeya yalipojaa vitu ambavyo zamani tulivisikia redioni tu, na biashara yake ya mitumba ilipomkubalia, alirudi juu ya lori na paneli mbili za sola. Wati hamsini na wati hamsini, betri mbili, taa tatu kwa tatu. Seti moja ilifungwa kwa Mwanabibi, bi mkubwa. Nyingine ilifungwa kwa Shadya, bi mdogo, ng'ambo ya njia iendayo sokoni. Kutoka mlango hadi mlango ni hatua arobaini. Mwanabibi alizihesabu mwenyewe mwaka ule Shadya alipoletwa, na hakuzisahau.

Siku tano za kwanza zilikuwa za furaha. Siku ya sita, saa mbili na robo, taa ya Mwanabibi ikaanza kufifia, na saa mbili na nusu ikakata. Mumewe alikuwa kwenye zamu yake pale, mkono uko kwenye sahani. Mwanabibi akawasha koroboi, kisha akatoka barazani kuchungulia. Ng'ambo, dirisha la Shadya lilikuwa jeupe kabisa, na mwenyewe yuko mlangoni anaosha vyombo huku akiimba. Tena anaimba!

Wivu ulimwingia. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Zamu ya mume ilipohamia kwa Shadya ndipo ulipomtafuna zaidi, maana kutoka barazani kwake alimwona Abdulkarimu amenyoosha miguu chini ya taa ya yule, anasoma gazeti ukurasa kwa ukurasa. Kwake mume alikula haraka akalala. Kule alikaa. Mwanabibi alianza kuogopa kitu ambacho kwa miaka saba alikuwa amekikataza kisiingie kichwani: kwamba mizani imeshalala upande mmoja, na yeye ndiye wa mwisho kuambiwa.

"Baba Yussuph," alimwambia asubuhi, "paneli ya Shadya ni kubwa."

"Zimetoka kwenye boksi moja, Mama Yussuph. Uliziona."

"Niliona boksi. Sikuona ndani ya paneli."

Mwanamume mwingine angegomba. Abdulkarimu alileta ngazi. Paneli ya bi mkubwa ikahamia kwa bi mdogo, na ya bi mdogo kwa bi mkubwa, njia nzima ya sokoni ikiangalia. Jioni, saa mbili na nusu, taa ya Mwanabibi ikakata. Wakabadilishana betri. Ikakata. Sasa alikuwa na vitu vyote vya Shadya juu ya nyumba yake na ndani ya nyumba yake, na bado Shadya alikuwa na mwanga. Ungemweleza nini mtu kama huyo akaelewa?

Mwishowe aliitwa fundi Lusungu, kijana wa mjini Tukuyu, na mita yake ndogo yenye mshale. Alifika saa nne, ukungu ulipokwisha kuondoka. Wake wawili walisimama chini ya ngazi, kila mmoja amefunga mikono kifuani.

"Kwa mama mkubwa, ampea mbili na nusu," alisema Lusungu kutoka juu. Akavuka njia, akapanda tena. "Kwa mama mdogo, mbili na nusu. Mko droo."

"Mita yako mbovu," alisema Mwanabibi.

Lusungu alicheka, akaomba arudi mchana. Saa nane akapima upya. Kwa Shadya mshale ulisimama kwenye mbili na nusu, kama asubuhi. Kwa Mwanabibi ulilala karibu na sifuri. Fundi alinyoosha kidole. Kivuli cha mparachichi wa uwanjani kilikuwa kimekwisha kupanda bati na kukaa juu ya nusu ya paneli.

"Huo mti, mama. Kuanzia saa sita unakula jua lako. Na paneli ikifunikwa pembe moja tu, yote inalegea. Suluhisho rahisi, tuihamishie kwenye bati la jikoni, kule nyuma."

"Nyuma?" Mwanabibi aliruka. "Wapita njia waone bati la Shadya tu linang'aa? Waseme bi mkubwa kaachiwa giza? Hapana, mwanangu."

"Basi tupunguze mti."

Abdulkarimu alikuwa ameshika ngazi. Sasa akakohoa. "Mti uacheni kwanza. Naenda Tunduma kuchukua mzigo, nikirudi tutaongea."

Mti huo aliupanda kwa mkono wake wiki ile Mwanabibi alipoletwa bibi harusi, miaka ishirini na miwili iliyopita, mche usiofika gotini. Chini yake Yussuph alijifunza kutembea. Kila msimu Mwanabibi alichuma, na kikapu cha kwanza alimpelekea Shadya yeye mwenyewe, taratibu, kama mtu anayetoa na si mtu anayepewa. Lakini siku zile hakukumbuka kikapu. Alichosikia ni lile neno "uacheni". Anauonea huruma mti, aliwaza, mimi hanionei. Au anapenda nikae gizani, ili apate sababu ya kukaa kule.

Abdulkarimu aliondoka Jumatatu. Jumanne asubuhi Mwanabibi alimwita Ambilikile, mzee wa Kinyakyusa aliyekuwa akipasua mbao, akaja na shoka. Mzee aliuzunguka mti, akaupapasa.

"Mwe! Mama, huu umebeba. Mti wenye mimba nao unakatwa?"

"Kata."

"Bwana mkubwa anajua?"

"Taa ni yangu, baba, na giza ni langu. Kata."

Ulianguka baada ya adhuhuri, ukajaza uwanja matunda mabichi. Mwanabibi aliinua macho, akaliona bati lake lote limeoga jua, na moyo wake ukapoa kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima. Alipogeuka, Shadya alikuwa amesimama njiani, kiganja mdomoni.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimeondoa kivuli. Leo tuone taa ya nani itatangulia kuzima."

Shadya aliinama, akaokota parachichi moja, akalifuta vumbi kwa upindo wa khanga. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya ugomvi.

"Mwaka niliokuja nilimwomba na mimi anipandie. Mche mmoja tu, pale mlangoni pangu. Huyu bwana asiyeninyima kitu, akakataa. Aliniambia mti kama ule mwanamume hupanda mara moja." Akaliweka parachichi juu ya kisiki. "Miaka saba nauangalia mti huu kila nikifungua dirisha. Hiyo taa ningekupa, dada. Ungeniomba tu."

Akavuka njia, akaingia ndani kwake. Mwanabibi alibaki na Ambilikile, ambaye aliona ni vizuri ajishughulishe na matawi.

Abdulkarimu alirudi Alhamisi jioni. Taa zilikuwa zimewaka nyumba zote mbili, nyeupe sawasawa, hata mita ya Lusungu isingepata cha kusema. Alisimama mbele ya kisiki muda mrefu, mzigo ukiwa bado begani. Mwanabibi alisubiri agombe. Alitamani agombe, maana mtu humgombeza aliyemuumiza. Abdulkarimu aliutua mzigo, akafungua, akampa doti yake ya khanga. Nyingine, ya rangi ile ile, akaikunja chini ya kwapa ili aipeleke ng'ambo.

"Kesho nikitoka msikitini nitapita kwa wauza miche," alisema. "Nitaleta ya mparachichi. Miwili."