Kibanio cha Bi Zulekha

Mama yangu, Bi Zulekha, hawezi tena kufunga taitai. Vile vikamba vyembamba vya kufungia mwani vinataka vidole, na vyake vimevimba maungo hata kifungo cha nguo kinamshinda. Bamvua lililopita, maji yalipokupwa mbali, shoga zake walimfungia mistari yake yote ya mwani. Walifanya kwa wema, naye akarudi nyumbani hasemi na mtu. Kisha akatangaza kwamba bamvua lijalo hendi pwani, na shamba lake la mwani apewe mwengine.

Nilikasirika. Mimi Nahla ni fundi cherehani hapa Wete, lakini nilikuwa nimeshaanza kujifunza kuchora vitu kwa kompyuta, kwa udadisi tu, maana binamu yangu Talib ana karakana ya plastiki Unguja na kila akija hujisifu. Nikachora kibanio cha vipande viwili: cha chini kina tundu, cha juu kina ulimi. Unaweka kamba na shina la mwani katikati, unagandamiza kwa kiganja, basi. Vidole havina kazi.

Nilivyofurahi kuviona vikikutana kwenye kioo cha kompyuta! Nilivizungusha, nikavipindua, ulimi ukaingia tunduni bila ya taabu. Nikamtumia Talib. Yeye kabla ya kuchonga kalibu, chuma chenyewe cha kumiminia plastiki, huchapa sampuli kwa mashine ndogo. "Kalibu ikishachongwa, na kosa limechongwa," husema.

Sampuli ikaja na meli. Ulimi haukuingia. Nikasukuma, nikagonga kwa kisigino cha kiatu, nikamlaani Talib kimoyomoyo. Mama alikuwa akichagua mchele, akanitupia jicho.

"Kimeshiba hicho, mwanangu," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Nikampigia Talib nikamfokea. Akacheka.

"Mie nimechapa ulichochora, Nahla. Kikate katikati ukitazame."

Programu ina njia ya kulikata umbo kama mkate ukaona ndani. Nikakata. Ulimi ulipokutana na kuta za tundu palikuwa pekundu pote, yaani vitu viwili vimekaa pahali pamoja. Nilistaajabu. Kumbe ndani ya kioo plastiki hupita ndani ya plastiki kama kivuli juu ya kivuli, na kompyuta imenyamaza tu!

Lakini ziada ile ilitoka wapi? Nilijiuliza mpaka jicho likaangukia kanzu niliyokuwa nimeikata asubuhi, nikacheka peke yangu. Mshono! Sikati kitambaa bila ya kuongeza ukingo wa mshono, huku na huku, na mazoea yana tabu. Ulimi nilikuwa nimeuongeza upana, na kingo za tundu nazo nimeziongeza kwa ndani. Nguo ukiishona, ziada hukunjwa ikajificha. Plastiki haikunjiki. Yenyewe inataka kinyume chake: upunguze, uache upenyo mwembamba kama karatasi, ndipo vipande vishikane. Hili lilinipendeza mno, nikarekebisha siku ile ile.

Vilivyokuja mara ya pili vilifunga kwa mlio: ta! Mama alikichukua kimoja, akakigeuza, akakinusa, akakiweka juu ya kabati. Bamvua lilipofika akasema anakuja pwani kutazama tu.

Maji yalikuwa magotini. Shoga zake walikuwa wameshainama, wanafunga. Nikamkabidhi kibanio, akaweka kamba, akaweka shina la mwani, akagandamiza. Kikateleza. Akajaribu tena, na wale wanawake wakaacha kufunga wakatazama. Roho ikaniuma. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Wacha," akasema, bila ya kunitazama. "Nna mikono yangu."

Nikarudisha wangu nyuma. Akakiweka sawa kile kibanio, akakilalia kwa kiganja.

Ta!