Kona ya Shimo la Kipyegon

Mtoto wa kituo cha mayatima akitimiza miaka kumi na minane, nchi hii humpa mkono wa kwaheri, godoro jembamba na barua ya kuondoka. Barua yenyewe ina muhuri. Chemutai alikuwa ameihifadhi yake ndani ya Biblia, si kwa heshima bali kwa hasira, ili akiulizwa siku moja asikose ushahidi.

Alilelewa katika kituo kimoja kule Kabuchai, upande wa Bungoma. Alifikishwa hapo akiwa bado ananyonya, mwaka ule watu walipokuwa wakishuka Mlima Elgon mbio kukimbia vita vya ardhi, sufuria mkononi na mtoto mgongoni. Wako waliousahau mwaka ule. Waliousahau ni wale ambao hawakushuka.

Sasa alikuwa na miaka ishirini, na aliishi Kitale, katika nyumba ya vyumba vinne nyuma ya maghala ya mahindi. Wenyewe waliiita Nyumba ya Kati, kwa kuwa ilikuwa katikati ya kituo na dunia. Vijana sita, wote waliotoka vituoni, kila mmoja miaka miwili, kisha unampisha mwenzako. Majirani waliiita "kwa mayatima", na wakilitaja jina hilo walishusha sauti kama watu wanaopita makaburini.

Laiti wangeingia ndani! Wangemkuta Agneta akishona sare za shule za watoto wa hao hao majirani. Wangemkuta Khaemba, jitu la futi sita lililoambiwa kituoni kwamba kichwa chake ni kizito, akifundisha hesabu kila Jumanne jioni barazani. Wangemkuta Tonny amefungua injini ya pikipiki juu ya meza ya kulia, huku akitukanwa na nyumba nzima. Alhamisi voliboli, Jumamosi kompyuta kule maktaba. Tena mwaka huu walikuwa wamejifunza saileji, lishe ya ng'ombe inayovundikwa shimoni.

Hilo la saileji lilikuwa kazi ya Mayi Edinah, yaani Mama Edinah, mlezi wao. Edinah alikata miwa kwa miaka kumi na tisa, akajifunza sheria kwa kusoma magazeti ya kufungia nyama. Alikwenda ofisi ya kilimo mara saba kuwaombea vijana mafunzo. Mara ya nane hakuomba, alileta kigoda akaketi mlangoni. Afisa alipochoka kumruka, mafunzo yakapatikana.

Na saileji si mchezo. Mahindi hukatwa yakiwa bado mabichi, punje zikiwa laini kama maziwa yaliyoganda, yakapitishwa kwenye mashine ambayo wafugaji wanaiita panga boi, ikayatoa vipande vidogo. Vipande humwagwa shimoni tabaka kwa tabaka, vikanyunyiziwa molasi, yale mabaki matamu ya miwa, na kila tabaka hushindiliwa mpaka hewa yote itoke. Hewa ndiyo adui. Ukiiacha mahali pamoja tu, hapo hupata moto, hapo huoza, na uozo haukai mahali pamoja. Ukifunika vizuri kwa nailoni na udongo, ng'ombe watakula kiangazi kizima. Ukikosea, umechimba kaburi la mahindi.

Wafugaji wa Endebess walikuwa wanatafuta kikosi cha kujaza mashimo yao msimu mzima. Kiongozi wa kikosi angepewa chumba katika boma la ushirika wao. Chumba hicho ndicho Chemutai alichokuwa akikiota. Miaka yake miwili ilikuwa inaisha mwisho wa Septemba, na zaidi ya hapo hakuwa na shangazi, hakuwa na mjomba, hakuwa na hata mlango wa kubisha.

Mwenyekiti wa ushirika huo, Kipyegon, alisema watajaribiwa kwa shimo lake mwenyewe.

*

Ijumaa moja ya Agosti walianza kazi umande ukiwa bado kwenye nyasi. Ungewaona ungevua kofia. Agneta alikuwa kwenye mashine, mikono yake haipotezi bua hata moja. Tonny alimwaga, wawili walinyunyiza molasi, Chemutai na Khaemba wakashindilia, huyu akisukuma pipa lililojaa maji, yule akikanyaga kwa gambuti pembeni ambako pipa halifiki. Kipyegon alisimama ukingoni, fimbo kwapani, akitafuta kosa asilione.

"Hawa umewatoa wapi?" alimuuliza Wanjala, mkamuaji wake.

"Si ni wale wa kituo, mzee."

"Wa kituo?" Akatikisa kichwa. "Mimi wangu nimewasomesha mpaka chuo, na jembe hawalijui linashikwa upande gani."

Jioni shimo lilikuwa limefunikwa, udongo juu, mgongo wake umeviringana kama wa nguruwe aliyeshiba. Walirudi Kitale wakiimba.

Nyumba ya Kati ilikuwa na desturi moja ya Ijumaa. Wakati wa chakula cha jioni kila mmoja alisimulia siku yake tangu asubuhi, saa kwa saa, bila kuruka. Edinah alisema mtu asiyejisimulia huishia kusimuliwa na wengine. Zamu ya Tonny ilipofika, akasimama na kijiko.

"Sasa sikieni. Saa saba hivi, kuna shule ya msingi hapo karibu. Wakagonga ile ringi yao ya gari. Ngeng'! Ngeng'! Ngeng'! Wacha nikwambie, Mayi, sisi sote sita tukaweka vitu chini hapo hapo. Khaemba alikuwa ameinua mguu. Akaurudisha! Tukapanga laini ya kunawa mikono, na hakuna aliyetuita, bana! Hata chakula kilikuwa bado!"

Wakacheka mpaka Agneta akapaliwa na chai. Walikuwa wamekulia kwenye kengele, wote. Kengele ya kuamka, ya uji, ya sala, ya kulala. Mwili ulikuwa unaitii kabla kichwa hakijaulizwa.

Chemutai peke yake hakucheka.

"Khaemba," alisema, "ulipourudisha mguu, ulikuwa wapi?"

"Kona ya chini. Upande wa zizi."

"Ulikuwa umemaliza?"

Khaemba akafikiri. Kicheko kikazimika kama moto uliomwagiwa maji. "Nilikuwa ndiyo naanza. Tuliporudi nikakuta Tonny ameshamwaga tabaka jipya juu. Nikaendelea na hilo."

"Kwa hiyo kona ile haijashindiliwa."

"Kona moja tu, Chemu," Tonny alisema. "Shimo lote lile! Litafunguliwa baada ya wiki sita. Nani atajua? Hiyo ni kujiuza bure. Ukienda kumwambia mzee tulikosea, chumba chako byebye."

"Na ikioza?"

"Ikioza utakuwa ushapewa chumba."

Neno hilo lilikuwa na utamu wake, na Chemutai alilionja. Ni nani hakufanya hivyo katika nchi hii? Barabara zinazojengwa leo na kuzolewa na mvua kesho, zilijengwa na watu waliosema vivyo hivyo, tena walisomeshwa. Akamgeukia Edinah.

"Mayi, tufanye nini?"

Edinah alikuwa akifuta meza.

"Mayi?"

"Mimi si kengele, Chemutai," Edinah alisema, akaenda zake kusuuza kitambaa.

*

Kesho yake alfajiri Chemutai alidandia pikapu inayokwenda Endebess kukusanya maziwa. Hakumwamsha mtu. Lakini alipogeuka nyuma alimwona Khaemba ameshakaa juu ya mitungi mitupu, sepeto magotini. Kisha Agneta. Na wa mwisho Tonny, akikimbia huku amebeba gambuti mkononi, akilalamika kwamba watu wengine hawana huruma na usingizi wa wenzao.

Kipyegon hakuwepo, alikuwa amekwenda Kitale kununua dawa ya kupe. Wanjala alisimama mbele ya shimo, ndoo ya maziwa mkononi.

"Hapana. Mzee akirudi akute mmefukua, nani ataulizwa? Si ni mimi? Mngojeni."

"Atarudi saa ngapi?"

"Anajua yeye."

Chemutai alisukuma udongo kando pale kwenye kona, akainua ncha ya nailoni, akachomeka chuma kirefu. Alikiacha humo. Akaenda upande wa pili akafanya vivyo hivyo kwa chuma kingine. Alihesabu hadi mia mbili, akavitoa vyote viwili, akampa Wanjala.

"Shika."

Wanjala alishika cha kwanza, akakiachia. "Hii ni moto!"

"Shika na hiyo nyingine."

Hiyo ilikuwa vuguvugu tu, kama mkono wa mtu. Wanjala alivitazama vyuma, akamtazama msichana. Alikuwa mtu wa ng'ombe, hakuhitaji hotuba. Aliweka ndoo chini, akasogea kando. "Lakini mimi sikuona kitu," alisema.

Hapo ndipo Chemutai alipotoa kisu. Maisha yake yote, hata dirisha alilifungua kwa ruhusa. Sasa alikuwa amesimama juu ya mali ya mtu mkubwa, kisu mkononi, na chumba chake cha pekee duniani kikiwa chini ya nailoni ile. Kisha akakata.

Walifukua kona hadi tabaka lililolegea. Mvuke ulipanda. Yale yaliyopata moto waliyatoa, Wanjala akawapa ng'ombe siku hiyo hiyo. Walikuwa wanashindilia tabaka la pili upya, jasho likiwatoka, sauti ya Kipyegon ilipowafikia tangu langoni.

"Shimo langu! Nani amefungua shimo langu?"

Wote waliacha kukanyaga.

"Endeleeni," Chemutai aliwaambia. "Msiache hewa." Na akapanda kutoka shimoni peke yake.

"Nimefungua mimi, mzee."

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna."

"Hakuna! Wewe lakwet, wewe kitoto, unakata nailoni yangu mpya kwa akili yako? Kwani wewe ni mtoto wa nani?"

Swali hilo alikuwa ameulizwa kwa chifu, ameulizwa hospitalini, ameulizwa kila dirisha lenye karani. Kila mara lilikuwa likimfunga mdomo. Siku hiyo halikumfunga.

"Mama yangu alikuwa wa hapo juu mlimani, na sikumjua. Hilo haliozeshi saileji. Kinachoozesha ni hewa, na jana tuliiacha hapo kwenye kona. Tulisikia kengele ya shule tukaacha kazi katikati, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Kosa ni langu, na nimekuja kulitoa kabla halijala shimo lako. Ukitaka kutufukuza, tufukuze tukishafunika."

Kipyegon alimpita. Alitembea hadi ukingoni. Khaemba alikuwa akikanyaga, Agneta akinyunyiza, Tonny akisukuma pipa, na hakuna aliyemtazama.

"Wiki sita," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu. "Likioza, Endebess msikanyage tena."

*

Wiki sita ni ndefu kwa mtu atakayebakiwa na siku kumi na tano tu za kitanda chake siku atakapojua hukumu. Chemutai alipanga nguo zake kwenye begi, akazipangua. Mtoto mwingine wa kituo alikuwa ameshaandikiwa nafasi yake. Edinah hakumwambia atapata wala atakosa. Alimfundisha kusoma mkataba, neno kwa neno, kidole kwenye karatasi. "Hapa ndipo walipotuibia sisi wa miwa," alisema. "Hapa penye herufi ndogo."

Siku ya kufungua, wafugaji wanane walikuja, na Edinah alikuja pia, amefunga kitambaa chekundu. Kipyegon hakuanzia mbele ya shimo kama desturi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile kona, akafukua mwenyewe, akaingiza mkono hadi kiwiko.

Alichota kilichokuwa ndani. Kilikuwa na rangi ya kijani iliyoiva kuelekea manjano, na kilipumua harufu ya uji uliochachuka vizuri. Alikikamua ngumini, hakikutoa maji. Akanusa. Akampa jirani yake, naye akanusa, hivyo hivyo hadi kwa wa nane. Wanjala akamtupia ng'ombe konzi moja, na ng'ombe alipomaliza akaanza kulamba mkono.

"Hata langu la mwaka jana halikuwa hivi," mmoja alisema.

Kipyegon alijipangusa. "Watu wa kushindilia ni wengi Endebess hii," alisema, bila kumtazama Chemutai. "Mimi nimefuga miaka thelathini. Fundi wa kurudi kuniambia amekosea, sijawahi kumpata. Chumba ni chako. Anza Jumatatu."

Tonny alipiga mbinja. Agneta alikuwa ameshaanza kulia. Lakini Chemutai alibaki amesimama pale pale, mikono nyuma.

"Asante, mzee. Sisi ni sita."

"Najua ni sita."

"Majina yote sita yaandikwe. Msimu mzima, si shimo kwa shimo. Na mlango wa chumba uwe na komeo la ndani."

"La ndani?"

"Ninalofunga mimi."

Wafugaji walitazamana. Mmoja akacheka, "Eh, Kipyegon, umeajiri wakili!" Kipyegon naye alitaka kukasirika, uso wake ulijaribu, ukashindwa. Aliguna, akapapasa mifuko ya koti.

"Wanjala, leta karatasi kule ndani. Na kalamu inayoandika."

Chemutai hakuketi alipopewa kiti. Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya pipa la molasi, masharti yote, kisha majina, la Agneta kwanza, kisha Khaemba, kisha Tonny, kisha wale wawili wengine, na lake mwisho. Alipomaliza akaisoma yote kwa sauti tangu mwanzo, taratibu, hadi herufi ndogo, huku wanaume wanane wakimngoja, ndipo akamkabidhi mwenyekiti kalamu.