Skrubu Kumi Zenye Rangi ya Kucha

Mimi huniambii kitu kuhusu watu. Mwaka wa tisa huu kazi yangu ni kusikiliza sauti za mikutano na mahojiano na kuziandika neno kwa neno, na nimejifunza kwamba mtu anayeanza na "kusema kweli" ndiye wa kumchunga. Kikohozi cha uongo nakijua. Kimya kinachotangulia jibu nakijua. Kwa hiyo nyumbani kwangu kila kitu kina alama: sufuria zina alama, mwavuli una alama, chaja imefungwa uzi mwekundu. Mawifi zangu walinipachika jina la Mama Alama wakidhani wananikomoa. Nililipenda, na mpaka leo naliitikia.

Kompyuta yangu ndiyo ilikuwa na ulinzi kuliko vyote. Chini ina kifuniko kilichofungwa kwa skrubu kumi, na kila skrubu niliipaka rangi ya kucha, nyekundu ya kuwaka. Atakayetaka kuifungua ataibandua rangi, na ikibanduka nitamjua. Namba iliyochapwa pale kifunikoni sikuwahi kuisoma, kwa sababu niliiamini rangi yangu.

Jumatatu msimamizi wetu akatuma ujumbe. Programu tunayosikilizia sauti inabadilishwa, na kuanzia wiki ijayo haitafanya kazi kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi ulio chini ya toleo la kumi na mbili. Yangu ilikuwa na toleo la kumi. Akasema kila mtu aangalie kama kompyuta yake inaweza kupandishwa, maana si kila kompyuta inakubali kila toleo. Kila moja ina mwisho wake, na watengenezaji wameweka orodha: unatafuta namba ya aina ya kompyuta yako, unaona inaishia toleo lipi.

Nikaigeuza kompyuta, nikavaa miwani, nikaongeza na kioo cha kukuzia, nikaisoma ile namba ya kifunikoni. Herufi zake ni ndogo utadhani zimeandikwa na sisimizi. Orodha ikasema aina hiyo inafika mpaka toleo la kumi na tatu. Nikamwandikia msimamizi: "Yangu inaweza." Naye akanipa kazi ya miezi mitatu, kazi ambayo mjane kama mimi anapiga magoti kuishukuru.

Jumatano nikajaribu kuweka toleo la kumi na mbili. Kompyuta ikanijibu kwamba toleo hilo haliwezi kuwekwa kwenye kompyuta hii. Nikajaribu tena, jibu lile lile. Nikafungua ule ukurasa wa ndani unaoeleza habari za kompyuta yenyewe, na moyo ukanipasuka paa! Namba ya ndani haikuwa namba ya kifunikoni. Ndani ilisema kompyuta hii ni ya miaka mitatu nyuma zaidi, na kwenye orodha aina hiyo inaishia toleo la kumi na moja.

Nje mpya, ndani nzee. Nilikaa nikiitazama ile namba, na sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Nilikuwa nimeibiwa bodi, lile bamba la ndani ambalo ndilo kompyuta yenyewe.

Nikamweleza msimamizi. Akajibu: "Mama, ulisema inaweza. Wawili walinidanganya hivyo hivyo, nimewaondoa. Nakupa mpaka Ijumaa saa sita mchana unitumie picha ya ukurasa, nione toleo." Mimi! Mimi ndiye naambiwa nimedanganya! Nilizunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Nikaanza kuhesabu mikono iliyogusa kompyuta yangu. Haikuwa mingi. Ulikuwa mmoja, wa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta na simu. Mwaka uliopita feni ilikuwa inapiga kelele, nikamwita aisafishe. Kumpelekea kwenye kibanda chake nilikataa katakata. Nilimwambia aje aifungulie mezani kwangu, mbele ya macho yangu. Mdogo wangu akaja na ya kwake nayo isafishwe. Hizo kompyuta mbili tulizinunua siku moja, duka moja, zimeshatumika, na muuzaji akaapa kuwa ni mapacha. Nilizigeuza nusu saa nzima, nikachukua ile isiyo na mikwaruzo. Mdogo wangu akachukua iliyobaki.

Siku hiyo ya kusafisha nilikaa mezani kama askari. Skrubu zao kwenye kisosi kimoja, zangu kwenye kingine. Vifuniko vyote viwili mapajani mwangu. Niliondoka mara moja tu, dakika tatu, kwenda kuzima jiko. Niliporudi nikampa shemeji vifuniko kimoja kimoja kwa mkono wangu, na nakumbuka akaniuliza, "Una uhakika, shemeji?" Nikamwambia asinifundishe mali yangu. Sasa fundi mwaminifu anauliza swali kama lile kwa nini? Lilikuwa swali la mtu aliyekwisha fanya jambo.

Usiku ule sikulala, nilikuwa naongeza ushahidi. Nikakumbuka alivyokuwa akipiga mluzi. Nikakumbuka begi lake la zana lilikuwa wazi chini ya meza. Nikakumbuka mdogo wangu hakuniangalia usoni walipokuwa wanaaga. Mpaka asubuhi kesi ilikuwa imekamilika, na hukumu nilikuwa nayo mfukoni.

Kibanda cha shemeji ni chumba kimoja chenye kaunta ya mbao, taa ya shingo ndefu na droo nyingi ndogo za skrubu. Mdogo wangu hukaa pembeni, anapokea simu za wateja na kuandika majina, na kompyuta yake iko palepale, anatazamia mitindo ya nguo kukiwa hakuna mtu. Nilipoingia walikuwepo wateja watatu. Vizuri, nikasema moyoni, mashahidi wapo.

"Karibu, shemeji," akasema.

"Bodi yangu iko wapi?"

"Bodi gani tena?"

"Uliyoichomoa kwenye kompyuta yangu ukaniwekea kuukuu." Nikaiweka kompyuta juu ya kaunta, chini juu. "Hii namba inasema kumi na tatu. Washa uone ndani inasema nini. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea."

Mama mmoja aliyekuwa ameshatoa simu yake ili ifunguliwe akairudisha taratibu kwenye mkoba, akafunga zipu, akaondoka. Shemeji akamfuata kwa macho mpaka mlangoni. Kisha akainamia kompyuta yangu, hakuiwasha. Akavuta taa.

"Rangi hii uliipaka lini?"

"Siku ile ile, ulipomaliza kufunga."

"Imebanduka?"

Nikaangalia zote kumi, ingawa nilikuwa nimeshaziangalia mara sita nyumbani. "Haijabanduka."

"Kwa hiyo tangu siku ile haijafunguliwa. Basi nilibadilisha bodi mezani kwako, kwa zile dakika tatu ulizokwenda jikoni?" Akacheka kidogo, lakini kicheko hakikuwa na raha. "Shemeji, bodi peke yake ni kazi ya saa nzima. Ingekuwa uchawi huo ninao, ningekaa kwenye kibanda hiki?"

"Usinichekeshe. Jibu."

Alikuwa anafungua mdomo, lakini mdogo wangu alishasimama. Alichomoa waya wa kompyuta yake, akaileta, akaigeuza kifudifudi kando ya yangu.

"Nini?" nikamuuliza.

"Vaa miwani, dada."

Nikavaa. Kwenye kifuniko chake, kuzunguka tundu za skrubu, kulikuwa na mabaki mekundu. Si tundu moja wala mbili, ni zote kumi, vipande vidogo vya rangi niliyopaka mara ya kwanza, aliyoikwangua shemeji siku ile ya kusafisha. Na kwenye kona ya kushoto, pale ambapo zamani rangi ilinimwagikia nikaipangusa haraka kwa kidole, palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake yote ikionekana. Sikuwa na haja ya kuuliza ni la nani.

Jamani. Nikauona mkono wangu ukiokota vifuniko viwili kitini, nilipoviacha wakati nakwenda jikoni. Nikajisikia nikisema, "Hiki changu, hicho chenu." Shemeji akauliza kama nina uhakika, nikamkatia kauli. Nikafungiwa kifuniko cha mdogo wangu, kisha nikakipaka rangi mimi mwenyewe, skrubu kumi, kwa bidii yote, kuulinda uongo wangu. Kompyuta yangu ilikuwa nzee tangu dukani. Ile yenye mikwaruzo niliyomwachia mdogo wangu ndiyo ilikuwa mpya.

Nyani haoni kundule.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu wiki ile ile. Niliiona rangi nilipokuwa naifuta vumbi."

"Mwaka mzima! Na ukanyamaza?"

Alikuwa anaviringisha waya mkononi, haniangalii. "Unakumbuka pete yako ya ndoa ilipopotea? Niliiokota bafuni kwako, nikakuletea mbio mpaka kitandani. Ukaniuliza nilikuwa nimeificha wapi."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimesahau kwamba nilisema vile, lakini aliposema yeye nikajisikia kabisa, kwa sauti ile ile.

"Tangu siku hiyo," akasema, "nikiona kitu chako hakiko mahali pake, nakiacha palepale."

Mimi ninayesikia vimya vya watu nisiowajua, kimya cha mdogo wangu cha mwaka mzima kilinipita. Machozi yalikuja, nikayazuia, yakaja tu. Shemeji akajifanya anatafuta bisibisi.

Mdogo wangu akaisukuma kompyuta yake mbele yangu. "Chukua hii. Mimi naangalia magauni tu, hata kwenye hiyo ya kwako yataonekana." Nikataka kukataa. Akaniambia, "Dada, usinianzie," na nikajua hapo hakuna mjadala.

Shemeji akaiwasha. Safari hii kifuniko hakukitazama hata kidogo, akafungua ukurasa wa ndani, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe namba na kuitafuta mwenyewe kwenye orodha. Kumi na tatu. Akahamisha mafaili yangu, akaweka toleo la kumi na mbili, kazi iliyomla mchana wote, na wateja wawili waliobaki walihudumiwa na mdogo wangu. Saa kumi ukurasa ulifunguka. Nikaupiga picha nikautuma.

Msimamizi akajibu baada ya muda mfupi: "Nimeona. Tuendelee na kazi. Samahani kwa kukushuku."

Niliyasoma maneno hayo ya mwisho mara mbili. Miaka tisa ya kuandika maneno ya watu, na hayo sikuwahi kumwambia mtu. Nikamgeukia shemeji, nikayasema kama yalivyoandikwa, "Samahani kwa kukushuku." Akasema, "Yameisha, shemeji." Lakini yule mama mwenye simu hakurudi, na wote watatu tulijua.

Kabla sijaondoka alifungua kompyuta zote mbili, akarudisha kila kifuniko kwenye kompyuta yake ya asili. Aliponyoosha mkono apewe vifuniko alimnyooshea mke wake, si mimi. Akafunga skrubu ya kumi, akaifuta kompyuta kwa kitambaa, akanikabidhi.

Mdogo wangu akachakura kwenye pochi yake, akatoa kichupa cha rangi ya kucha. Akakifungua.

"Paka," akasema.

"Hapana. Leo hapana."

"Paka, dada. Usipopaka hutalala, halafu wiki ijayo utakuja tena." Hakuwa ananidhihaki. Angenidhihaki ningejua la kujibu.

Nikapaka. Zote kumi, hapo kaunta, mbele yao, haraka haraka hata nikachafua kona ya kushoto kama mara ya kwanza. Mdogo wangu akaushika mkono wangu nisiipanguse, akainama, akaanza kupuliza rangi ikauke, skrubu moja baada ya nyingine, kama nilivyokuwa nikimpulizia yeye kucha zake alipokuwa mdogo.