Mkono Uliobaki Pichani

Studio ya Fundi ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele ya pazia kulikuwa na stuli, kioo, na kitana kilichofungwa kamba ukutani ili kisiote miguu. Nyuma yake kulikuwa na kompyuta, na ndani ya kompyuta mtaa mzima: harusi, vitambulisho, mahafali, miaka kumi na tisa ya watu walioambiwa wasipepese macho. Juu ya kompyuta Fundi alikuwa amebandika karatasi aliyoiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu: ASILI HAIGUSWI. TOA NAKALA KWANZA.

Karatasi ile haikuwa pambo. Programu ya kutunzia picha ilikuwa na bohari yake, folda ambayo mtu hatakiwi kuiingia mwenyewe. Ukitaka picha unaiomba programu, nayo inakupa nakala. Hiyo nakala ikate, ipake rangi, ifanye utakavyo, asili yake imelala salama. Lakini ukijitia kuingia bohari kwa mlango wa nyuma na kuhifadhi juu ya asili, imekula kwako. Hakuna kitufe cha kurudisha.

Jumanne, saa nne asubuhi, akaingia mdogo wa marehemu. Marehemu alikuwa fundi saa, amezikwa miezi miwili iliyopita, akaacha nyumba ya vyumba vinne na mke mshonaji. Watoto hawakujaliwa. Cheti cha ndoa kilikwisha kuliwa na mchwa, mashahidi wa ndoa wote wawili walikuwa makaburini, na albamu ya nyumbani huyuhuyu shemeji yake alikuwa ameichukua "kuitunza". Kesi ya nyumba ilikuwa Alhamisi. Kilichobaki cha kumwonyesha hakimu kwamba mshonaji alikuwa mke ni picha za harusi zilizokuwa kwa Fundi.

"Nataka picha za kaka yangu," alisema. "Yeye peke yake. Huyo mwanamke mtoe."

"Kazi ndogo hiyo, bosi."

Programu ilikuwa na kawaida ya kuchukua dakika tatu kufunguka. Mdogo wa marehemu alitazama saa mara mbili, akapiga mluzi.

"Nina watu wananisubiri, Fundi. Au niende kwingine?"

Hapa asidanganyike mtu. Fundi alijua kesi ni ya nini, mtaa mzima ulijua. Alijua pia kwamba huyu bwana ana maneno, na akikasirika atamharibia jina hadi mwisho wa barabara. Akaogopa. Akaingia bohari kwa mlango wa nyuma, akafungua picha thelathini na nne, mojamoja, akamkata bibi harusi na kuhifadhi juu ya asili. Picha moja tu ilimsumbua. Bibi harusi alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mumewe, na kuviondoa vile vidole kungechana koti. Fundi akauacha mkono wa kushoto, kuanzia kwenye kifundo.

"Na huu mkono?" aliuliza mdogo wa marehemu.

"Hauna uso, bosi. Nani ataujua?"

"Haya."

Asubuhi ya pili mshonaji alifika studio, mkono wa kushoto wa gauni lake umefungwa fundo mwishoni. Vilivyokatwa vyote alikuwa navyo mwilini. Ule ulioachwa pichani ndio ambao hakuwa nao.

"Fundi, mkono wangu uko kwako."

Fundi akafungua picha. Mkono ulikuwa palepale kwenye koti, na pete yake, na kovu la sindano kwenye kidole gumba.

"Ndio huo," alisema mshonaji. "Nirudishie, nina haraka. Tangu alfajiri nashindwa kutunga uzi, na nina magauni sita ya watu."

"Haurudi, dada."

"Kwa nini?"

Fundi alitazama ukutani. "Niligusa asili."

Mshonaji akaisoma ile karatasi polepole.

"Si mwandiko wako huu?"

"Wangu."

"Una mwandiko mzuri," alisema, akaenda zake.

Alhamisi Fundi aliitwa mahakamani na kompyuta yake. Hakimu alifuta miwani, akamwagiza karani apime. Karani akapima kifundo cha pichani na kifundo cha mshonaji, vikalingana. Mshonaji alipouita mkono, kidole cha shahada kiliinuka kutoka kwenye koti. Karani akaandika: kidole kimeinuka. Askari wa mlangoni akapiga mwayo.

"Bwana Fundi," alisema hakimu, "hizi picha ndivyo zilivyopigwa, au kuna mtu amezigusa?"

Mdogo wa marehemu alikuwa amekaa benchi la mbele, anakuna kidevu. Mshonaji alimkazia Fundi macho. Fundi aliufikiria mtaa ukisikia kwamba bohari yake inaingilika, watu wakipanga foleni kuulizia miguu na masikio yao.

"Ndivyo zilivyo boharini, mheshimiwa."

Lilikuwa jibu la kweli, na Fundi alijichukia kwa sababu hiyohiyo.

"Mahakama imeridhika kwamba mkono huu ulikuwa mke wa marehemu," alisema hakimu. Mshonaji akashusha pumzi. "Kwa hiyo mkono una haki ya kukaa katika nyumba maisha yake yote. Huyu mama mwingine hayumo pichani. Ahame kabla ya Jumapili."

Akahama Jumamosi, na cherehani yake kwenye mkokoteni. Picha ilikuzwa, ikatundikwa sebuleni, na mdogo wa marehemu akahamia na mkewe. Mkewe aligundua kwamba mkono bado unajua kazi. Siku hizi huusogezea mashati, nao hushona vifungo. Mshonaji ameruhusiwa kusimama dirishani kila Jumatatu. Hupitisha sindano kati ya nondo, mke wa shemeji huzipeleka ukutani, mkono hutunga uzi. Zikifika kumi, mke wa shemeji humwambia basi, usiuchoshe.

Mwezi uliofuata mshonaji alikuja studio kupiga picha ya kitambulisho, maana mwenye chumba kipya aliitaka. Alichukua kitana cha kwenye kamba, akajichana, akakaa kwenye stuli bila kupepesa. Kisha Fundi akaifungua programu. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Akaiomba picha, akapewa nakala, akafanyia kazi nakala.

"Siku hizi unasubiri," alisema mshonaji.

"Nasubiri, dada."

Akamkatia picha nne, akazitia kwenye bahasha. Mshonaji aliishika bahasha kwa meno ili aifunge, ikateleza, na Fundi akamfungia.