Kifungu cha Kumi na Nne

Siku hiyo Bunge zima lilikuwa limejigeuza kamati, ile hatua ambayo muswada hupitishwa kifungu kwa kifungu. Usidanganyike na neno kamati. Karani anataja namba, Mwenyekiti anauliza, waheshimiwa wanaitikia "Ndiyoo!" kama watoto wa chekechea walioulizwa kama wanataka peremende, basi, sheria hiyo. Nusu yao hata karatasi hawakufungua. Mmoja alikuwa anauchapa usingizi mdomo wazi, mwingine anachagua viatu kwenye simu.

Mwandishi wa kumbukumbu rasmi alikuwa kwenye kijichumba chake nyuma ya kioo, vidole juu ya kibodi. Miaka kumi na moja amewaandika watu hawa. Wao wanabwabwaja, yeye anatoa sentensi. Leo alikuwa anasubiri kifungu kimoja tu. Mdogo wake, aliyemlea tangu mama yao afariki, anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto, na mapafu yake yamejaa vumbi. Daktari amemwambia atoke huko aanze matibabu. Atoke ale nini? Kifungu cha kumi na nne kilisema anayeugua kwa vumbi la kazini atatibiwa na mwajiri, na mshahara ataupata mpaka apone. Kijana alikuwa nyumbani kwa ruhusa ya siku tatu, anakisubiri.

Na mbunge wa jimbo lao alikuwa ameapa kukilinda! Kikao kilipoanza alinguruma nusu saa nzima, akapiga meza, akatoa mpaka leso, machozi yenyewe yakamgomea. Kisha huyoo, akaenda kunywa chai, kipaza sauti hakukizima.

"Kifungu cha kumi na tatu!"

"Ndiyoo!"

"Kifungu cha kumi na nne!"

Waziri akasimama. Akasema kwa upole kwamba Serikali imezungumza na wenye mashine, na sasa inaomba kifungu hicho kifutwe. Mwandishi akaliandika na hilo, neno kwa neno.

Mwenyekiti hakupoteza muda. "Hoja ni kwamba kifungu cha kumi na nne kifutwe. Wanaoafiki waseme ndiyo."

Mbunge wao ndiyo kwanza alikuwa anaketi, mdomo umejaa keki. Hakuuliza wamefika wapi. Aulize ya nini? Kuitikia ndiyo kazi anayoijua.

"Ndiyooo! Ndiyo kabisa!"

Sauti mbili tatu za nyuma zikasema siyo, zikamezwa. "Walioafiki wameshinda," akasema Mwenyekiti, na Bunge likasonga mbele kwenye kifungu cha kumi na tano.

Haikupita robo saa, mwandishi ameshampisha mwenzake na anasahihisha kurasa zake, mbunge akaja mbio kijichumbani. Jirani yake alikuwa amemnong'oneza alichokiitikia.

"Dada yangu," alianza. Miaka yote hiyo alikuwa akimwita 'wewe' tu. "Pale niliteleza. Niandikie siyo."

"Sauti ipo, mheshimiwa. Kipaza sauti chako kilikuwa wazi."

"Basi andika tu 'Wajumbe: Ndiyo', kama siku zote. Jina langu la nini, jamani? Uchaguzi huo unakuja."

Kweli, siku zote waliwasitiri hivyo. Utaratibu unataka sauti inayotambulika iandikwe na jina la mwenyewe, ila waandishi walikuwa na huruma.

"Na kifungu kitarudi?" akauliza mwandishi.

"Labda muswada mwingine, mwakani, au mwaka utakaofuata." Alijipangusa makombo kwenye tai. "Haya mambo yana taratibu zake, dada, huwezi kuelewa."

Loh! Asielewe yeye! Alimtazama kuanzia kiatu mpaka upara, akamwona mtu mzima ovyo. Akaandika jina lake lote, lile refu analolipenda, akaweka nukta mbili, akaandika: Ndiyo! Ndiyo kabisa! Akautuma ukurasa kwa mhariri huku mheshimiwa anatazama. Mbunge akatoka bila kuaga.

Furaha ya mwandishi haikufika hata dakika. Simu iliita, mdogo wake.

"Dada, vipi, kimepita?"

"Wamekifuta, mdogo wangu."

Kijana akakohoa, kikohozi kile kirefu, dada yake akasubiri kiishe.

"Na mbunge wetu?"

"Nimeandika alichosema. Kitasomwa hata na wajukuu zake."

"Sawa, dada. Basi ngoja nilale mapema. Kesho naingia zamu ya asubuhi."